Kikuku cha Mzee Yonaza

Ijumaa saa mbili asubuhi malango ya maji ya Mvureni yalianza kufunguka moja baada ya jingine, kila moja kwa mlio wake wa kifuniko cha sufuria kinachosukumwa na mvuke, na maji yakateremka kuelekea kwenye mashamba ya tangawizi. Koku alikuwa amesimama juu ya ukingo wa ndiva, bwawa la kijiji, mikono nyuma, akihesabu kimoyomoyo kama mwalimu aliyetoka safari na wanafunzi. La kumi na tano. La kumi na sita. La kumi na nane.

Akasubiri. Malango yote thelathini na moja yalifunguka isipokuwa hilo la kumi na saba, ambalo lilikaa kimya na taa yake nyekundu.

Hakushtuka sana. Alikuwa na wiki tano pale mlimani, na katika wiki tano hizo alikuwa amezibua malango manne yaliyokwama, amebadilisha betri, ameunganisha upya waya zilizogugunwa na panya, na amewafundisha wanakamati watatu kufanya hayo yote bila yeye. Ndicho alichojia. Kokushubira, kwao Bukoba, kazi yake Mwanza kwenye kampuni ya kupanga ratiba za meli, alikuwa amechukua likizo ya wiki sita bila mshahara ili awe mmoja wa Mafundi wa Hiari, watu wanaopelekwa kwenye vijiji na vikundi visivyoweza kuajiri fundi wa mitambo. Wengine hupelekwa kwenye zahanati, wengine kwenye vituo vya yatima. Yeye alipangiwa ndiva.

Aliteremka hadi kwenye lango, akapiga magoti, akachomeka kifaa chake cha kusomea. Mota nzima. Betri imejaa. Hakuna tope kwenye reli. Lango halikuwa limeharibika hata kidogo. Lilikuwa limekataa.

"Ni la Mzee Yonaza hilo," sauti ilisema nyuma yake.

Ilikuwa ya Mama Naetwe, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, mama wa makamo mwenye mabuti ya mpira na khanga iliyokazwa kiunoni barabara. Alikuwa ameshika bakuli lenye kifuniko.

"Shikamoo, mama. Nalitazama sasa hivi. Haliumwi."

"Marahaba. Najua haliumwi." Mama Naetwe akamkabidhi bakuli. "Makande hayo, yale yakiwa moto. Halafu ukimaliza uje nyumbani tuongee, mwanangu. Usikimbilie."

Akaenda zake kwa mwendo wa kawaida, na Koku, aliyekuwa amezoea ofisi ambako mtu akikosea hupigiwa kelele mbele ya watu, alibaki ameshika bakuli. Upole ule ulimtisha kuliko kelele.

*

Ndiva ya Mvureni ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu. Hujazwa na kijito usiku kucha, hufunguliwa asubuhi. Hapo zamani mzee mmoja alikuwa akiziba na kuzibua tundu kwa gogo na maji yakaenda zamu kwa zamu. Tangu mvua za vuli zilipoacha kuja, vijiji saba vya mlima ule na bondeni kwake vilikubaliana kugawana maji kwa mtambo mmoja, nao wakauita Mizani. Kanuni yake ilikuwa fupi: anayefanya kazi ya maji ndiye anayepata maji. Kila Alhamisi ni msaragambo, siku ya watu wote kuingia kwenye ndiva na mifereji kuzoa tope na kuziba nyufa. Kila kaya ilipewa kikuku kimoja cha kuvaa mkononi. Kikuku hupima mikono ilivyosogea, jasho lilivyotoka, na saa zilivyokwenda, halafu Mizani hupiga hesabu, na Ijumaa malango hufunguka kwa kadiri ya kazi.

Kulikuwa na kitu kingine ndani ya kikuku, kitu ambacho Koku alikikuta kimezimwa. Kila moyo una namna yake ya kupiga, na kikuku huweza kumtambua mvaaji kwa mapigo yake tu. Ukaguzi huo ulikuwa umezimwa Mvureni kwa miaka minane. Koku alipouona, Jumatatu ya wiki hiyo, aliona swichi iliyosahauliwa. Mama yake mzazi alizoea kusema kwamba ukimwachia Koku pasi atanyoosha hata soksi. Basi aliwasha, akajiandikia kwenye daftari, akaendelea na kazi nyingine huku akipiga mluzi.

Sasa alikaa kwenye benchi la stoo ya kamati, makande yakipoa, akasoma kumbukumbu za kikuku cha kumi na saba.

Kwa miaka minane Mzee Yonaza Mrutu hakukosa msaragambo hata mmoja. Ila mapigo, ambayo kikuku huyahifadhi hata ukaguzi ukiwa umezimwa, hayakuwa ya moyo mmoja. Ilikuwa mioyo saba, ikipokezana kwa zamu, Alhamisi baada ya Alhamisi, na hakuna hata mmoja kati yake uliokuwa wa Mzee Yonaza.

Chini ya kumbukumbu hizo Mizani ilikuwa imemwandikia fundi. Swali moja, siku saba za kujibu, na visanduku vitatu vya kutia alama. Hitilafu ya kifaa. Udanganyifu wa kaya. Kosa la fundi.

Koku alijua kila kisanduku kina maana gani kwa sababu aliapa kukijua. Hitilafu ya kifaa: vikuku vyote vya Mvureni vinakusanywa na kupelekwa mjini kupimwa, na hilo huchukua miezi miwili ambayo kijiji kizima hakina hesabu. Udanganyifu: kaya ya kumi na saba inaondolewa kwenye maji moja kwa moja, na wale saba wanafungiwa malango msimu mzima. Kosa la fundi: alichokibadilisha fundi kinarudishwa kilivyokuwa, na fundi huyo anafutwa kwenye orodha ya Mafundi wa Hiari, daima. Na asipojibu, Mizani huchukulia kuwa ni udanganyifu.

Makande hayakuliwa siku hiyo.

*

"Alianza kusahau mwaka ule mkewe alipofariki," Mama Naetwe alisema. Walikuwa wamekaa barazani kwake, wakimenya maharage mabichi. "Kwanza majina. Halafu njia. Lakini Alhamisi hasahau. Anaamka, anavaa mabuti, anabeba jembe, anakuja ndiva. Akifika anashangaa amekuja kufanya nini. Basi mmoja wetu anamwambia, babu, nikufutie tope kikuku. Anakivua, anakaa kwenye jiwe, anatusimamia. Jioni anavishwa, anarudi nyumbani kachoka kama aliyezoa ndiva peke yake."

"Mizani ina kipengele cha wasiojiweza, mama. Mngemwandikisha."

"Tumeandikisha wawili huko nyuma. Unajua kinachofuata? Misimu mitatu bila kazi, shamba linapewa mwingine. Ndivyo vijiji saba vilivyokubaliana, na mimi mwenyewe nilinyoosha mkono siku ile. Nilikuwa kijana mwenye mgongo mzima." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Yonaza bila lile shamba hatamaliza mwaka. Ndicho kitu pekee anachokijua bado."

"Kwa hiyo mkaamua kudanganya."

"Tukaamua kufanya kazi mara mbili, na ule ukaguzi ukazimwa. Siku ya zamu yangu navaa vikuku viwili, changu mkono huu, chake mkono huu, na saa zangu zikiisha naanza zake. Tope linalotakiwa kutoka, linatoka. Wa bondeni hawapunjwi hata ndoo moja. Kapime kama unataka."

Koku alipima. Jumamosi na Jumapili alishinda ndani ya mifereji na kamba na fimbo, akilinganisha marundo ya tope lililozolewa na saa zilizoandikwa, miaka minane nyuma. Hesabu ilikaa sawa. Kazi yote ya kaya ya kumi na saba ilikuwa imefanyika kweli. Kilichokuwa cha uongo ni jina tu. Akaiandikia Mizani hivyo, kwa urefu, na vielelezo. Jibu lilikuja kabla hajafunga kifaa: Tafadhali tia alama kisanduku kimoja.

*

Jumatatu alipokuwa akikusanya kamba zake, alijiwa na Kirumbe, katibu wa kamati, mwanamume mrefu asiyependa maneno, ambaye wiki zote tano alikuwa hajamwambia zaidi ya habari za asubuhi.

"Nasikia unataka kuuzima ule ukaguzi," alisema.

"Sijaamua bado, kaka."

"Usizime."

Koku akaweka kamba chini.

"Mmoja wa wale wawili walioandikishwa alikuwa baba yangu," Kirumbe alisema. "Alipooza upande. Mimi nilikuwa mbali, kwenye migodi. Hakuna aliyembebea kikuku. Unajua kwa nini? Baba alikuwa mkali. Aliwahi kugombana na nusu ya kijiji. Yonaza ni mtu wa watu, anachekesha, kila mtu alikula kwake utotoni. Kwa hiyo huyu anabebwa, yule shamba likaenda. Hiyo ni haki gani, dada? Mtambo angalau haumpendi mtu wala kumchukia."

Hakupandisha sauti, na Koku aliona kwamba maneno hayo alikuwa ameyatunza muda mrefu. Ni kweli kwamba huruma ya Mvureni ilikuwa na vipenzi vyake. Angeuzima ukaguzi kwa ajili ya mzee mmoja anayependeka, na kesho angekuja mwingine asiyependeka, ambaye hana wa kumfutia tope.

"Naomba nikuulize kitu," Koku alisema. "Kwenye kikuku cha Mzee Yonaza nimekuta mioyo saba. Nimeilinganisha na vikuku vya kaya nyingine. Wa tatu ni wako."

Kirumbe alitazama pembeni, kwenye mashamba. Sikio lake lilikuwa limekuwa jekundu.

"Nilikuwa zamu," alisema.

"Umekuwa zamu miaka sita."

"Sasa ningemwacha akae pale anatafuta jembe ambalo ameshalishika?" Alisema kwa hasira hasa, kana kwamba Koku ndiye aliyempangia zamu. "Mimi nasema juu ya haki, wewe unaniuliza juu ya Yonaza. Ni vitu viwili."

Akaondoka bila kuaga. Koku akaendelea kukunja kamba, na kwa mara ya kwanza tangu aje alitamani awe Mwanza, mbele ya ratiba za meli, ambazo zikichelewa huchelewa tu.

*

Jumanne alikwenda kumwona mwenyewe.

Alimkuta shambani, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ameinama kwenye tuta la tangawizi. Majani yalikuwa yameanza kujikunja na kupauka pembezoni. Siku nne tangu zamu ipite bila maji, kwenye jua lile, tangawizi haina subira. Zikipita siku nyingine saba hapangekuwa na cha kuvuna.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni fundi wa malango. Natokea Mwanza."

"Ahaa." Akajiinua taratibu, akamtazama kwa macho ya kutaka kumkumbuka. "Basi umekuja pazuri. Lango langu lina nini?"

Koku akainama kuyatazama majani.

"Nimelitazama asubuhi, limenuna," mzee akaendelea. "Nikasema labda nilikosa msaragambo. Nikakaa nikahesabu. Sikukosa, mjukuu. Mimi sijawahi kukosa. Hata mwaka ule wa homa nilikwenda." Akanyoosha mkono wenye kikuku, mkono mkavu uliojaa mishipa, ili fundi ajionee. "Soma humo. Kila kitu kimeandikwa humo. Mwambie huyo Mizani, kama kuna mtu amenisema vibaya, aje aniambie mbele yangu. Mtu kama nimemkosea naweza kuomba radhi. Lakini nimwombe nani radhi kama sijui kosa?"

Alisema hivyo kwa unyonge, akiwa ameukunja uso kama anayetafuta kweli ni nani aliyemkosea. Koku aliona aibu. Aliona aibu ile ya moto inayopanda shingoni, ambayo haina mahali pa kuitupa. Kwa sababu mwenye kosa alikuwa amesimama mbele ya mzee, amevaa kofia ya Mafundi wa Hiari, na alikuwa ametumia siku nne akichagua kati ya kosa la mashine na kosa la kijiji.

"Hujamkosea mtu, babu," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mimi ndiye niliyelifunga. Niligusa kitu sikuambiwa nikiguse."

Mzee Yonaza akamwangalia, kisha akacheka, meno machache yakionekana. "Mafundi bwana! Mnaharibu ndipo mtengeneze." Akarudi kwenye tuta lake, na baada ya muda mfupi akageuka tena. "Shikamoo hujanipa. Wewe ni wa nani?"

*

Ahadi ya Mafundi wa Hiari ina vipengele kumi na viwili, na Koku alikuwa amevisoma vyote kwa sauti, mkono umeinuliwa, katika ukumbi wenye feni mbovu. Cha kwanza kilisema fundi asibadilishe kitu katika mtambo wa watu kabla hajawauliza wenyewe kwa nini kiko hivyo. Alikichukulia kuwa ni adabu tu, kama kubisha hodi. Sasa alielewa kwamba kazi yenyewe ndiyo ilikuwa hapo.

Jumatano saa nne alimwita Mama Naetwe na Kirumbe kwenye stoo, akawaonyesha visanduku vitatu.

"Huu ni uongo mwingine," Kirumbe alisema alipoona kidole cha Koku kinakoelekea. "Unajibebesha."

"Siyo uongo. Nisikilizeni. Niliwasha ukaguzi bila kumuuliza yeyote kati yenu. Hilo ni kosa la fundi, na nimeliandika hapa neno kwa neno. Sijaandika kwamba mioyo saba haipo. Mizani imeiona na itaendelea kuiona. Kuamua juu yake si kazi ya mgeni wa wiki sita."

"Watakufuta," Mama Naetwe alisema.

"Watanifuta."

"Na ulikuwa unasema mwakani unataka kwenda kule kwa watoto viziwi."

"Nilikuwa nataka." Hapo sauti ikamkatika kidogo, maana aliitaka safari ile kweli, alikuwa ameanza hata kujifunza lugha ya alama. Akamgeukia Kirumbe. "Lakini ulichoniambia juu ya baba yako hakimo kwenye kisanduku chochote. Kiseme kwenye mkutano. Mbele ya vijiji vyote saba. Nani abebwe na nani asibebwe, lisiwe jambo la nani anachekesha."

Kirumbe alikuwa anaitazama skrini. Koku akatia alama.

Mizani haikuchelewa. Kabla ya saa sita kifaa chake kilikuwa kimefungwa, jina lake limeondolewa, na ukaguzi wa mapigo umezimwa. Ujumbe wa mwisho ulisema hesabu ya wiki iliyopita haiwezi kufunguliwa tena. Lango la kumi na saba lingefunguka Ijumaa, kwa kazi ya Alhamisi. Kama kazi hiyo ingekuwapo.

*

Alhamisi watu walikuja mapema. Koku hakuwa tena na kazi pale, na gari lake lilikuwa la kesho, kwa hiyo alikwenda kama mtu yeyote, akiwa na mabuti ya kuazima.

Mzee Yonaza alifika na jembe lake begani. Akasimama kwenye ukingo wa ndiva, akatazama tope, akatazama watu, na ile sura ya kutafuta ikamwingia. Kawaida hapo ndipo mtu husogea. Hakuna aliyesogea. Watu saba waliokuwa wamebeba kikuku kile miaka minane walikuwa wamejua, wiki hiyo, kwamba mtambo una kumbukumbu ya mioyo yao, na kila mmoja alikuwa na watoto na shamba lake. Kirumbe, ambaye zamu ilikuwa yake, alisimama ndani ya tope hadi magotini, akiushika mpini wa koleo kwa nguvu.

Mzee aliunyoosha mkono wake mwenyewe, bila kuombwa. Labda mkono ulikuwa unakumbuka. Ukabaki hewani.

Koku alijua anachokwenda kufanya. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Juzi ungemwambia angejibu kwa kipengele na namba yake.

"Babu," alisema, "hebu nikufutie tope kikuku."

Kilikuwa na joto la ngozi ya mzee bado alipokivaa. Akaingia kwenye ndiva. Tope lilikuwa zito kuliko alivyowahi kuliandika kwenye ripoti zake, na kabla ya saa moja kuisha viganja vilikuwa vimechubuka, huku Mzee Yonaza, kutoka kwenye jiwe lake, akimpigia kelele kwamba anashika koleo kama kijiko cha uji. Watu wakaanza kucheka. Kirumbe akaja kuchimba pembeni yake, bila kusema, akachukua ile sehemu yenye mawe. Saa saba mchana alimnyooshea mkono.

"Lete," alisema. "Nusu iliyobaki ni zamu yangu. Na Jumapili nasema kwenye mkutano, usidhani nimesahau."

Jioni mzee alivishwa kikuku chake, akajishika kiuno, akasema leo kazi ilikuwa kubwa, mgongo hauna hali. Koku, ambaye hakuweza kunyooka, alimwambia pole.

Asubuhi yake, saa mbili, kabla ya gari, alikuwa naye shambani. Walisikia ule mlio wa kifuniko cha sufuria langoni huko juu, halafu kimya, halafu maji yakaja yakitambaa kwenye mfereji mkavu, yakisukuma majani na vumbi mbele yake. Mzee Yonaza alishika jembe, akakata udongo hapa, akaziba pale, akayageuza maji yaingie tuta la kwanza, kisha la pili, bila kukosea hata mara moja, na Koku alisimama pembeni asijue hata pa kuweka mguu.

Tuta la mwisho lilipolowa, mzee alijipangusa jasho.

"Nilikuambia," alisema. "Sijawahi kukosa."

"Hujawahi, babu," alisema Koku.